Bwana Msa Akihamia Rohero: Lugha ya Mshukiwa katika Riwaya ya Upelelezi

Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, mpelelezi Bwana Msa hufumbua mauaji kwa mazungumzo zaidi ya mabavu: huvuta kiko, husikiliza, na watu wa karibu wa marehemu hujifichua kwa kauli zao. Mbinu hiyo huwezekana kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya wahusika wote. Kukisema hakumtii mtu doa.

Ikihamishiwa Rohero, Bujumbura, tuseme katika kikundi cha akina mama wanaofuma sweta pamoja, hali hubadilika. Humo Kirundi ni lugha ya nyumbani, Kifaransa ya ofisini, na Kiswahili huhusishwa na mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Tena katika Kirundi neno *umuswahili* hubeba pia maana ya mtu mjanja, asiyeaminika. Mfumaji atakayeteleza akasema Kiswahili atashukiwa kabla ya ushahidi. Mwandishi hodari ataitumia dhana hiyo kumpoteza msomaji, kisha aivunje. Mwandishi mvivu (nao si wachache) ataithibitisha. Wateuzi wa vitabu vya shule nchini Burundi wangefaa kuuliza hilo kabla ya kukagua usanifu wa sarufi.