Kitosh na Mizani ya Nakuru

Zamani za ukoloni, wageni waliofika Kimilili waliwaita Wabukusu jina ambalo wenyewe hawakujiita. Jina hilo ni Kitosh. Liliandikwa katika daftari za serikali, na walioitwa hawakuulizwa. Jina hilo hilo alikuwa nalo kijana mmoja aliyefanya kazi katika shamba la Mzungu huko Molo mwaka 1923, na kwa sababu ya kifo chake limeingia katika fasihi ya dunia. Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa karibu na Ngong mpaka 1931, alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake Out of Africa, kilichotoka mwaka 1937. Ni kurasa chache tu. Nataka tuzipime hapa, maana zina ukweli mkubwa na kosa kubwa.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kitosh alitumwa kumrudisha farasi jike wa bwana wake, akaamriwa amwongoze kwa miguu wala asimpande. Alimpanda. Siku chache baadaye mtu aliyemwona akapeleka habari, na Jumapili alasiri bwana akampiga kwa hatamu. Kisha kijana akafungwa kamba ghalani, na usiku ule akafa.

Kesi ilisikizwa Nakuru. Sheria ya Kenya wakati ule ilimpa Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa haki ya kuamuliwa na juri, yaani raia walioapishwa kusema kama mtu ana hatia au hana, nao walikuwa Wazungu wenziwe. Mwafrika hakuwa na haki hiyo. Yeye alihukumiwa na jaji aliyekaa na wazee wa kumshauri, ambao maoni yao jaji aliweza kuyaacha. Basi mizani ilikuwa mbili kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa.

Daktari aliyeipasua maiti alisema kwamba majeraha ndiyo yaliyoua. Madaktari wawili wa Nairobi wakaleta hoja nyingine. Kabla ya kukata roho Kitosh alikuwa amesema kwamba anataka kufa. Kwa hiyo, walisema, alikufa kwa kutaka kwake. Mmoja wao alijivunia kuwa ameijua akili ya wenyeji kwa miaka mingi aliyokaa nchini. Juri likamwona bwana ana hatia ya kuumiza vibaya, si ya kuua. Alipewa kifungo cha miaka miwili.

Tazama jinsi swali lilivyogeuzwa. Desturi ya mahakama ni kuuliza aliyepiga alikusudia nini. Nakuru iliuliza aliyepigwa alikusudia nini. Mtu aliyefungwa kamba mikononi akahesabiwa kuwa mtenda wa kifo chake mwenyewe! Blixen aliliona jambo hili, na hapa anastahili sifa. Kwa kejeli iliyopoa anaonyesha kwamba, kwa hoja hiyo, Mzungu hana hata uwezo wa kumtoa Mwafrika duniani mpaka Mwafrika mwenyewe aridhie. Katika Kenya ya miaka ile walowezi wachache wangethubutu kuandika hivyo.

Lakini hakuishia hapo. Mwishoni kejeli inamponyoka, na mwandishi anaivaa yeye mwenyewe hoja ya wale madaktari. Kitosh anageuka kuwa mfano wa viumbe wa porini wasioshikika, waondokao wapendapo, na kifo chake kinapewa uzuri. Ngugi wa Thiong'o amekilaumu kitabu hiki kwa ukali mwingi kuliko wangu. Mimi nina neno moja tu. Uzuri ule umejengwa juu ya ushahidi ule ule uliompunguzia bwana adhabu. Ukiuondoa ushahidi, sifa nayo inaanguka. Nani hajapata kumsikia mgonjwa akisema usiku kuwa anataka kufa, na asubuhi akaomba uji? Kitosh alisema jinsi alivyoumia. Bwana wake, lau angefungwa ghala lile na kwa majeraha yale, angesema hivyo hivyo.

Sisi wa Kimilili tuna sababu yetu ya kuishuku elimu ya akili ya wenyeji. Elijah Masinde, aliyechezea timu ya Kenya kandanda na baadaye akawa mpeleka samansi wa baraza la wenyeji hapa Kimilili, aligombana na chifu na amri za serikali. Mwaka 1945 alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko mpaka 1947. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini yake, Dini ya Msambwa, huko Malakisi, wakafa watu 11. Mwaka ule ule dini ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa Lamu. Simfanyi walii: alikuwa mgomvi, na wafuasi wake walishtakiwa kwa kuchoma majengo. Wala rangi ya mtawala haikutosha kuyabadili mambo, kwani serikali ya uhuru iliiandikisha dini hiyo mwaka 1964 na kuipiga marufuku tena mwaka 1968.

Hata hivyo weka visa hivi viwili pamoja. Akili ya Kitosh ilipimwa, na aliyempiga akapata nafuu. Akili ya Masinde ilipimwa, na malalamiko yake yakawa maneno ya mwenda wazimu. Katika kurasa za Blixen hakuna daktari anayeulizwa habari ya akili ya mtu awezaye kumpiga mwenziwe mpaka afe kwa sababu ya farasi.

Nimezisoma kurasa zile mara nyingi. Rangi ya farasi imeandikwa: alikuwa wa kahawia. Kwao Kitosh ni wapi, na nani walimlilia, haikuandikwa.