Fimbo, Daftari na Bango: Zana za Usubi Zilivyosanifiwa kwa Vijiji vya Rungwe

Usubi huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi, na Rungwe ina maji ya namna hiyo kila upande: Kiwira, Mbaka, Lufilyo na vijito vingi vinavyoteremka kuelekea Ziwa Nyasa. Ndiyo maana eneo la Tukuyu wilayani Rungwe limo katika orodha ya maeneo ya Tanzania yenye ugonjwa huo, na wanavijiji wake wamekuwa wakimeza Mectizan mwaka hadi mwaka. Dawa hiyo kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa muda wote itakaohitajika. Namna ya kuigawa ilienezwa na APOC, Mpango wa Afrika wa Kudhibiti Usubi, ulioanzishwa mwaka 1995. Kijiji humchagua mgawa dawa wake na hupanga siku na mahali pa kugawia, na zahanati husimamia.

Utaratibu huo ulihamisha kazi ya kitabibu kutoka kwenye chumba cha daktari hadi uani kwa mtu. Mgawa dawa ni mkulima wa migomba, chai au viazi aliyepewa mafunzo mafupi. Akifika kwenye kaya hana wa kumuuliza, na anapaswa kujua nani asipewe dawa, anayestahili apewe vidonge vingapi, na yote hayo ayaandike vipi ili mtu wa wilayani aliyeko Tukuyu mjini ayaelewe. Zana zilizobuniwa kumsaidia ni tatu: fimbo ya kupimia urefu, daftari la kaya na bango. Hazilingani kwa ubora.

Fimbo ndiyo iliyofaulu zaidi. Kipimo cha Mectizan kinacholengwa ni mikrogramu 150 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa hesabu hiyo, kila mgawa dawa angehitaji mizani, sehemu tambarare ya kuiweka, na uwezo wa kuzidisha na kugawanya. Vijiji vya Rungwe vimekaa kwenye miteremko, na mizani ya springi iliyobebwa kwenye mkoba msimu mzima haichukui muda kuanza kudanganya. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba urefu wa mtu unaweza kutumika badala ya uzito wake bila kuhatarisha afya. Hapo hesabu yote ikahamishiwa kwenye kipande cha mti chenye alama nne. Aliye chini ya sentimita 90 hapewi dawa. Kuanzia 90 hadi 119 ni kidonge kimoja cha miligramu 3, kuanzia 120 hadi 140 ni viwili, kuanzia 141 hadi 158 ni vitatu, na wa sentimita 159 au zaidi hupewa vinne.

Ukizitazama namba hizo kwa makini utaona kwamba nafasi kati ya alama hazilingani. Ya kwanza ina sentimita 30, ya pili 21, ya tatu 18. Sababu yake ni kwamba uzito hupanda haraka kuliko urefu: sentimita kumi anazoongezeka kijana zina kilo nyingi kuliko sentimita kumi za mtoto mdogo. Aliyeiweka mipaka hiyo aliibana kadiri inavyopanda, na mtumiaji hana haja ya kujua kwa nini. Pia alikubali kupoteza usahihi kidogo kwa kusudi. Kidonge kimoja kinakusudiwa watu wa kilo 15 hadi 25, maana yake mtoto wa kilo 15 hupata mikrogramu 200 kwa kilo, na wa kilo 25 hupata 120. Kwa dawa yenye nafasi finyu ya usalama tofauti hiyo isingevumilika. Kwa Mectizan inavumilika, na kwa kuwa inavumilika, chombo kikawa chepesi kiasi cha kutengenezwa na fundi seremala yeyote. Uamuzi wa kiwango cha usahihi kinachotosha ulifanywa kabla mtu hajashika brashi ya rangi, na ndio uamuzi wa usanifu uliozaa matunda zaidi katika shughuli yote hii.

Alama zenyewe huandikwa kwa njia mbalimbali. Rangi huvutia macho kutoka mbali, ila rangi peke yake haisemi idadi: nyekundu haina sababu ya kuwa vidonge viwili badala ya vitatu, na aliyesahau mafunzo hana pa kushika. Tarakimu humsaidia anayesoma. Njia inayojieleza yenyewe ni kuchora kwenye kila sehemu vidonge vyenyewe, duara moja, mawili, matatu, manne, ili anachokiona kwenye fimbo kilingane moja kwa moja na anachokimwaga kiganjani. Hata rangi ikichujuka, duara lililochongwa kwa kisu hubaki.

Kasoro ya fimbo iko kwenye ncha ya chini. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na fimbo inayosimikwa kwenye udongo uliolowa huzama. Ikizama sentimita tatu, mtoto wa sentimita 118 huonekana amefika 120 na hupewa kidonge cha pili kisicho chake. Ncha ikilika kwa kugongwa mawe, matokeo ni yale yale. Suluhisho lake ni rahisi na halina gharama: kipande cha ubao kipigiliwe chini kama kikanyagio, fimbo isizame na ncha isilike. Jambo kama hilo haligunduliki mezani Dar es Salaam. Hugunduliwa na anayekwenda kuitazama fimbo ikitumika wakati wa masika.

Daftari la kaya ni kazi ya aina nyingine, na hapa msanifu wa kurasa ndiye mwenye zamu. Kila mtu ana mstari wake, kila mwaka una safu yake, na ndani ya kisanduku huandikwa idadi ya vidonge alivyomeza au alama ya sababu ya kutomeza: mjamzito, mgonjwa sana, hayupo, amekataa, hajafikisha urefu. Mama anayenyonyesha mtoto aliye katika juma la kwanza naye husubiri. Safu za miaka kadhaa kwenye ukurasa mmoja ni uamuzi mzuri. Minyoo mikubwa ya usubi huishi mwilini miaka 10 hadi 15, na Mectizan huua minyoo michanga tu, kwa hiyo tiba hurudiwa kila mwaka kwa muda mrefu. Mgawa dawa akifungua ukurasa huona papo hapo nani alikosa mwaka jana, na aliyekuwa na alama ya kutofikisha urefu sasa apimwe upya.

Mpangilio kwa nyumba, si kwa alfabeti, nao umefikiriwa. Unafuata njia ambayo mgawa dawa huipita kwa miguu. Tena alfabeti isingesaidia kitu katika nchi ya Wanyakyusa, ambako majina ya ukoo yanayoanza na Mwa- yangejaza nusu ya daftari chini ya herufi moja.

Udhaifu wa daftari uko mwishoni mwa ukurasa, kwenye kujumlisha. Kiwango cha tiba hupatikana kwa kugawanya waliomeza dawa kwa watu wote wa kijiji, wakiwemo wasiostahili. Lengo la awali la APOC lilikuwa angalau asilimia 65, na lilipokuja suala la kuutokomeza ugonjwa kabisa likapandishwa hadi 80. Maana yake mtoto mchanga asiyepewa dawa lazima naye aandikwe, kama anavyoandikwa mtu mzima aliyemeza vinne, la sivyo asilimia inapanda kwa uongo. Fimbo ilimwondolea mgawa dawa hesabu, kisha daftari likamrudishia jioni akiwa amechoka. Mstari wa jumla ulio wazi chini ya kila ukurasa, wenye visanduku viwili tu, watu walioandikwa na waliomeza, ungepunguza makosa kuliko fomu ndefu ya muhtasari inayojazwa baadaye kwa kupekua kurasa zote upya.

Bango ndilo dhaifu kuliko zote, na si kwa sababu wachoraji hawakujua kuchora. Picha iliyozoeleka ya usubi duniani ni ya mtoto anayemwongoza mzee kipofu kwa fimbo. Sanamu yake ya shaba imesimama kwenye makao makuu ya Benki ya Dunia huko Washington na ya Shirika la Afya Duniani mjini Geneva. Picha hiyo ilizaliwa katika savana za Afrika Magharibi, ambako usubi ulipofusha watu wengi kiasi kwamba watu walihama mabonde ya mito. Katika maeneo ya misitu ugonjwa huu hujitokeza zaidi kwenye ngozi: kuwashwa usiku kucha, ngozi kukauka na kukunjamana, madoa miguuni, vinundu. Utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 1995 na TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya kitropiki ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulithibitisha kwamba kuwashwa kwenyewe ni mzigo mkubwa, na ulikuwa sehemu ya hoja zilizoizaa APOC. Anayewashwa na kuona vizuri akionyeshwa kipofu, atalipita bango akidhani linamhusu mwingine.

Kuna tatizo jingine la mchoro lenye historia ndefu katika elimu ya afya: mdudu. Inzi wa usubi ni mdogo sana, na akichorwa kwa ukubwa wake haonekani. Akikuzwa hadi kujaza karatasi, mtazamaji asiyezoea picha za kukuzwa huona mnyama wa nchi nyingine. Mwaka 1976 UNICEF na wenzake walijaribu michoro ya aina mbalimbali vijijini Nepal, wakakuta wanavijiji wakitarajia picha ionyeshe kitu halisi, huku mishale na alama za wasanifu zikiwapita pembeni. Bango la usubi lina mishale mingi: inzi, mto, mtu, mnyoo, jicho, kisha inzi tena. Mzunguko huo unamfaa mwanafunzi wa sekondari. Kwa kaya, linalohitajika ni picha ya inzi akiwa juu ya mguu wa mtu kando ya mto, na ujumbe wa pili unaosahaulika sana: kwamba baada ya kumeza dawa mtu anaweza kuwashwa au kuvimba kwa siku chache kwa sababu minyoo michanga inakufa. Asiyeambiwa hilo mapema hukataa dawa mwaka unaofuata, na kukataa kwake huonekana daftarini.

Tanzania ilikwisha kuwa na mfano wa kuiga. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa kuunganisha redio, vitabu vidogo na vikundi vya kujisomea, kila chombo kikibeba sehemu yake. Haikutegemea karatasi moja iseme yote. Mashirika mengi ya leo humwita msanifu wakati maandishi yameshakamilika na bajeti imebaki ya rangi na karatasi ngumu, na bango lililojaa nembo za wafadhili ndilo zao la utaratibu huo.

Jaribio gumu zaidi la fimbo limetoka kwa ndugu yake. Dawa ya kichocho, praziquantel, nayo hupimwa kwa urefu, ila fimbo yake huanza sentimita 94 na ina hatua za nusu: kimoja, kimoja na nusu, viwili, viwili na nusu, vitatu, vinne, vitano. Nusu inataka kisu na mkono mtulivu, na vidonge vyenyewe ni vikubwa. Fimbo mbili za namna hiyo zikilazwa pamoja kwenye stoo ya zahanati, zote nyembamba, zote zenye mistari ya rangi, kuzichanganya ni suala la muda tu. Zinapaswa kutofautishwa kwa umbo, moja ya mviringo na nyingine bapa, ili mkono uitambue hata gizani, na jina la dawa lichongwe juu ya kila moja kabla ya kupakwa rangi yoyote.