Kioo cha Chumba cha Eksirei: Kinyanyue Kabla ya Kukitazama

Anayejenga chumba cha eksirei Kasense, au kwingineko Sumbawanga, huulizia sana bei ya mashine na kukisahau kile kidirisha ambacho mpiga picha atasimama nyuma yake kila siku. Kisha fundi wa alumini humletea kioo kinene, kisafi, na kumwapia kwamba ndicho chenyewe. Usikitazame kwanza. Kinyanyue.

Kioo cha kuzuia mionzi hujulikana kwa uzito. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni oksidi ya risasi, na mara nyingi huongezwa bariamu. Ndiyo maana sentimita moja ya ujazo ina gramu 4.8 hivi, wakati kioo cha dirishani kina 2.5 tu. Kipande cha sentimita 30 kwa 40, chenye unene wa milimita 8, kinapaswa kukaribia kilo 4.6. Kipeleke kwenye mizani ya muuza maharage. Ikisoma kilo 2.4, umeuziwa kioo cha sebuleni. Atomu za risasi zina elektroni 82 kila moja, nazo humeza mionzi kwa namna ambayo mchanga na soda vya kioo cha kawaida haviwezi.

Rangi huwapotosha wengi: wanakataa kioo chenye umanjano kidogo wakidhani kimechakaa. Mimi umanjano hafifu hunitia moyo. Ninachokikataa ni viputo na mawimbi.

Kisha soma muhuri. Uandike ulinganifu na risasi tupu kwa milimita, pamoja na kilovolti zilizotumika kupimia, kwa sababu kinga hubadilika nguvu ya mionzi inapobadilika. Kwa kawaida milimita 7 hadi 9 za kioo hiki hufanya kazi ya milimita 2 hivi za risasi. Muhuri usiotaja kilovolti siuamini. Pia zipo plastiki zenye risasi, nyepesi na ngumu kuvunjika, lakini huhitaji unene mkubwa zaidi. Vioo vya bismuthi, jirani wa risasi mwenye elektroni 83, vinavutia kwa kuwa havina sumu ya risasi.

Lakini kioo bora huharibiwa na fremu mbovu, na hapa ndipo ninapokagua kwa ukali zaidi. Ukutani kuna bamba la risasi, dirishani kuna kioo. Kati yao fundi huacha upenyo na kuuziba kwa silikoni. Silikoni huzuia vumbi, si mionzi. Bamba lazima lipande juu ya ukingo wa kioo pande zote nne, angalau kwa upana unaolingana na unene wa kioo chenyewe. Kama kuna tundu la kuzungumzia na mgonjwa, lipindishwe ili pasiwe na njia iliyonyooka. Omba kuona pembe kabla hazijafunikwa kwa mbao. Hata hivyo, jicho halitoshi: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 2003, ndiyo inayotoa leseni, na kipimo chake husomwa mashine ikiwa inapiga.

Usafi nao una masharti yake. Risasi hulainisha kioo, kwa hiyo hukwaruzika upesi, na siki au dawa ya chooni huacha madoa yasiyotoka. Tumia maji kidogo na kitambaa laini, ukaushe papo hapo. Chenye madoa bado huzuia mionzi, ila mpiga picha asiyemwona mgonjwa vizuri atatoa kichwa pembeni kuchungulia.