Msokoto Unaokaza Ndani ya Mtutu

Mfereji ulio ndani ya mtutu wa raifoli hauzidi sana moja ya kumi ya milimita kwa kina. Anayeukata kwa njia ya kale hupitisha tunduni fimbo yenye jino moja la chuma kigumu, fimbo ikijizungusha huku ikisonga. Mpito mmoja huondoa chembe ambazo kidole hakizihisi, kwa hiyo hurudia mamia ya mara.

Katika mitutu mingi msokoto wa mfereji haubadiliki tangu chemba hadi mdomoni. Ukiwa wa mzunguko mmoja kwa kila sentimita 25, risasi inayotoka kwa mita 850 kwa sekunde huzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika. Msokoto wa kukaza huanza taratibu, ukazidi kubana kadiri mdomo unavyokaribia.

Ugumu wa kazi hiyo anaujua kila fundi wa leithi. Hapa Kiganjo, Thika, mtazame akikata nyuzi za skrubu: anapanga gia, jino linasonga umbali uleule kwa kila mzunguko, na kabla ya mpito wa pili anasubiri mstari wa saa ya leithi ufike mahali pake ndipo afunge nati. Akiwahi kidogo, kipande ni cha kutupa. Sasa mpe nyuzi ambazo nafasi yake inapungua hatua kwa hatua, tena zipitiwe palepale mamia ya mara. Gia hazitoshi. Mafundi wa zamani walitumia reli iliyopindwa kuongoza fimbo, na mpindo wa reli ndio uliokuwa siri yao.

Walikuwa na sababu ya kuukaza msokoto. Risasi ya ledi tupu ni laini. Ikilazimishwa kuzunguka ghafla, inachunika na kupita mferejini bila kuushika. Kuanza taratibu kuliiokoa. Harry Pope wa Marekani, aliyezaliwa 1861, alikata mifereji minane yenye msokoto wa kushoto wa kukaza, na walenga shabaha wanaitamani mitutu yake hadi leo.

Afrika Mashariki iliujua msokoto huu vitani. Bunduki ya Carcano ya mwaka 1891, waliyoibeba Waitaliano walioivamia Ethiopia mwaka 1935 na kupigana na askari wetu wa King's African Rifles (KAR) mwaka 1940 na 1941, ilikuwa na mtutu wa sentimita 78 wenye msokoto wa kukaza. Waitaliano walipozikata baadhi ya bunduki hizo kuwa fupi, walikata upande wa mdomo, yaani sehemu iliyobana zaidi. Risasi zikatoka bila mzunguko wa kutosha, na shabaha ikaharibika. Mwaka 1938 wakarudia msokoto usiobadilika.

Je, anayeagiza mtutu maalumu leo aulipie msokoto wa kukaza? Risasi za sasa zina ganda la shaba, hazichuniki kirahisi. Wanaoutetea husema mkazo mdogo hufanya ukingo wa mfereji uendelee kuishika risasi upya na kuzuia gesi isivuje. Huenda, ila ganda nalo hulazimika kupanua alama zake njia nzima, na hilo si jambo la kupendeza. Hoja yao yenye nguvu ni nyingine: kibaya kuliko vyote ni msokoto unaolegea karibu na mdomo, na zamani, chombo kilipoteleza kwenye chuma kisicho na ugumu sawasawa, ulegevu huo ulitokea bila fundi kukusudia. Mkazo kidogo ulikuwa kinga. Mashine za kompyuta zinazokata kwa jino moja zimeiondoa hofu hiyo, ingawa Bartlein, watengenezaji mitutu wa Marekani, bado hukata wa kukaza kwa anayeutaka.

Kwa risasi ya ledi ningeagiza wa kukaza bila kusita, maana hapo ustadi huo unafanya kazi uliyozaliwa kuifanya. Kwa risasi ya ganda la shaba ningeagiza usiobadilika, na pesa inayobaki nimlipe fundi anayesugua tundu kwa kizibo cha ledi na unga wa kung'arishia, akisikiliza kwa viganja mahali fimbo inapokwama na inapolegea, mpaka isonge kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho.