Simba wa Tsavo na Mizani ya Hadithi za Kutisha

Hadithi ya kutisha yafaa ipimwe kwa swali moja: msomaji amewekwa upande wa nani? Wa awindaye, au wa awindwaye?

Sisi wa Voi tunayo hadithi ya namna hiyo mlangoni petu. Tangu Machi hata Desemba 1898, pale reli ivukapo mto Tsavo, simba wawili waliwatoa wajenzi hemani usiku na kuwala. J. H. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja, aliwaua mwezi wa Desemba, na mwaka 1907 akatoa kitabu chake huko London. Kitabu chasimulia vizuri. Msomaji hukaa gizani pamoja na mwandishi, akimsikia mnyama anavyonyemelea. Lakini hukaa hapo akiwa na bunduki mkononi.

Tangu hapo hadithi imetolewa tena na tena. Mwaka 1952 Wamarekani waliifanya filamu, Bwana Devil, iliyotazamwa kwa miwani maalumu, simba aonekane kana kwamba awarukia watazamaji. Mwaka 1996 ikaja The Ghost and the Darkness, iliyopigwa Afrika Kusini. Humo msimulizi ni Mwafrika, nalo ni jambo jema. Lakini ameongezwa mwindaji Mmarekani asiyepata kuwako, na simba wenye manyoya marefu ya shingo, hali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Hesabu ya waliouawa nayo haikutulia. Kitabu chataja Wahindi 28, pamoja na Waafrika wengi wasioandikwa popote. Baadaye Patterson alitaja 135. Wataalamu waliopima mifupa na nywele za simba hao walikadiria, mwaka 2009, watu kama 35.

Sasa tulinganishe na Clock Tower, mchezo wa video uliotolewa Japani mwaka 1995. Mchezaji humwongoza Jennifer, binti yatima, ndani ya jumba kubwa, akimkimbia muuaji mwenye mkasi mkubwa. Bunduki hana, kinga yake ni miguu yake na mahali pa kujificha. Kwa hiyo hofu ya mchezo huo ni hofu ya awindwaye. Tena ulipotolewa rasmi kwa Kiingereza mwaka 2024, mchezo wa awali uliwekwa pamoja na nyongeza mpya, mchezaji achague. Jipya halikulifuta la zamani.

Mtu aweza kujibu kwamba Jennifer ni wa kubuniwa, na wafu wa Tsavo walikuwa watu wa kweli. Naam, na hapo ndipo lilipo deni letu. Patterson amtaja Ungan Singh, jemadari wa Kihindi aliyevutwa kutoka hemani. Waafrika walioliwa wamebaki bila hesabu, wala hakuna filamu iliyowarudishia majina yao.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wewe usomaye, urudipo nyumbani likizo, waulize wazee yale waliyosimuliwa na wazee wao, kisha uandike. Hadithi ya mwenye bunduki tunayo. Ya waliolala hemani yangoja mwandishi.