Mtungi Kifuani: Kuogelea Kunavyofunzwa Pasipo Kidimbwi

Mwaka 2016 mpiga picha Anna Boyiazis alikuwa kaskazini mwa Unguja, akiwapiga picha wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kijini wakijifunza kuogelea katika bahari ya Muyuni. Picha hizo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018, na wengi walioziona walizungumzia mavazi: wasichana waliojisitiri kuanzia kichwani hadi miguuni, ndani ya maji ya rangi ya feruzi. Mimi macho yangu yalibaki kwenye mitungi mitupu ya plastiki, kwenye mikono ya mwalimu iliyokingwa chini ya kichwa cha mwanafunzi, na kwa wasichana waliolala chali wakitazama mbingu. Somo lote limo humo, na linaweza kuhamishwa hadi Chwele, kwetu Bungoma nchini Kenya, ingawa si zima zima.

Kijini walikuwa na bahari lakini hawakuwa na kidimbwi. Walikuwa pia na wasichana ambao staha ya mavazi iliwaweka nje ya maji ingawa walizaliwa kisiwani. Mradi wa Panje, wenye mizizi yake Nungwi, ulilimaliza suala la mavazi kwa suti za kuogelea zinazofunika mwili mzima, na suala la walimu kwa kuwafundisha wanawake wa hapo hapo ili nao wawafunze wengine. Kuna watakaosema hayo ni mambo ya kijamii, si ufundi. Sikubali. Mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli, akikaza misuli hupumua juu juu, na anayepumua juu juu hana hewa ya kumwelesha. Msichana anayeshikilia nguo isipande hana mkono wa kuogelea nao. Vazi na mwalimu ndio hatua ya kwanza ya kuelea.

Kisha kuna mpangilio. Somo la namna hii huanza na pumzi: uso majini, kutoa viputo kwa pua na mdomo, kuinuka, kuvuta hewa. Hufuata kuelea, kisha kurudi kusimama bila papara. Kusonga huja baadaye, na mwisho kumwokoa mwenzako. Sisi tuliokulia karibu na mito ya Bungoma tuliona kinyume chake. Mvulana hufuata wakubwa, hujitosa, na jambo la kwanza analolifanya ni kupiga mikono na miguu ili asonge, kichwa juu kabisa. Kichwa kinapopanda, nyonga hushuka. Nyonga zikishuka, miguu huning'inia, na mwili uliopaswa kuteleza juu ya maji unakuwa ukuta unaosukumwa dhidi yake. Anaweza kwenda mita 10 hivyo, pengine 15, huku marafiki wakishangilia. Hana namna ya kupumzika katikati, na mto haumuulizi kama amechoka.

Sababu iko katika uzito. Mwili wa binadamu unakaribiana mno na maji: mapafu yakijaa, wengi wetu tunakuwa wepesi kidogo kuliko maji, tukitoa pumzi yote, tunazama. Tofauti ni lita chache tu za hewa. Ndiyo maana mwalimu anayejua kazi yake hutumia muda mwingi kwenye pumzi kabla ya kugusa mkono au mguu. Ndiyo maana pia anayepiga kelele huku mikono yake iko hewani huzama upesi: hewa imetoka, na mikono iliyoinuliwa juu ya maji ni mzigo ambao sehemu iliyobaki chini italazimika kuubeba.

Hapa ndipo Kijini na Chwele zinapoanza kutofautiana. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya mto kwa takriban asilimia 2.5. Kwa mtu wa kilo 60, tofauti hiyo ni kama kilo moja unusu ya msaada, ambayo binti wa Muyuni anapewa bure na chumvi. Maji yanayoteremka kutoka Mlima Elgon kupitia mito ya Chwele na Kuywa kuelekea Nzoia hayampi mtu kitu hicho. Kijana mwembamba, mwenye misuli na mafuta kidogo, atalala chali hapa na miguu yake itazama hata akijaza kifua vizuri. Mwalimu asiyejua hilo atamwambia hana bidii. Ukweli ni kwamba anahitaji kusaidiwa na hewa iliyo nje ya mwili wake, na hewa hiyo imo katika kila nyumba ya Chwele, kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia ulioisha.

Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya hewa iliyofungiwa majini hunyanyua takriban kilo moja. Mtungi wa lita 5 hubeba karibu kilo 5, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kwa lugha ya watengenezaji wa jaketi za kujiokoa, huo ni uelezi wa nyutoni 50, kiwango cha jaketi jepesi la anayejua kuogelea aliye karibu na ufuo. Mtungi wa lita 10 unakaribia nyutoni 100. Ule wa lita 20, wa kuchotea maji, una nguvu ya kutosha watu wawili, lakini ni mpana kwa mtoto kuukumbatia na humgeuza ubavu. Kwa kufunzia chagua wa lita 5 au 10. Kaza kifuniko, uuzamishe kwa nguvu, utazame kama unatoa viputo. Unaotoa viputo ni wa kupandia maua.

Mtungi si jaketi, hata hivyo. Hauna mkanda, kwa hiyo mkono ukilegea umekwenda. Jaketi lililotengenezwa vizuri humgeuza aliyezimia uso ukaelekea juu, mtungi hauwezi. Usipandie mtumbwi nao. Ni kifaa cha kufunzia na cha kurusha.

Namna ya kuutumia ni hii. Mwanafunzi asimame maji yakiwa kiunoni, mtungi kifuani, mikono miwili ikiuzunguka. Mwalimu akae nyuma, viganja chini ya kisogo. Mwanafunzi alegeze shingo hadi masikio yazame. Wengi hukataa hapo, na hapo ndipo pa kuvumiliana nao, kwa sababu masikio yakibaki nje shingo imekazwa na nyonga zitashuka. Tumbo lipande, macho yatazame mawingu. Avute pumzi, aishike kidogo, aitoe haraka, avute tena, ili muda mrefu mapafu yawe yamejaa. Mwalimu huondoa kiganja kimoja, kisha cha pili, bila kutangaza. Baada ya hapo mtungi unahama kutoka kifuani hadi tumboni, kisha mkono mmoja, kisha pembeni. Teke huja mwisho, nalo litoke kwenye paja. Mtoto anayekunja magoti kama anayeendesha baiskeli anatoa povu jingi na haendi popote.

Wapi sasa? Mtaala wa umilisi umeingiza kuogelea katika gredi za chini, na wazazi wa vijijini wanabaki kuulizana kidimbwi kiko wapi. Jibu linaweza kuwa nyuma ya nyumba. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, kupitia mpango wa kuchochea uchumi, iliamua kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila eneobunge kati ya 140, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba. Chwele yenyewe ina shamba la samaki la umma, na wakulima wa jirani wanalijua bwawa vizuri: upande mmoja kina kifupi, upande wa pili kina kirefu, sakafu ikiteremka polepole, na maji hayaendi popote. Mhandisi wa vidimbwi angechora mteremko huo huo.

Bangladesh walifanya hivyo. Mpango wao wa SwimSafe hutumia majukwaa ya mianzi yaliyosimikwa ndani ya mabwawa ya vijiji, ili mtoto asimame juu ya sakafu ya mianzi badala ya tope, ndani ya uzio usiomruhusu kuteleza kwenda kwenye kina. Anayehitimu anaogelea mita 25, anaelea sekunde 30, na anajua kumwokoa mwenzake bila kuingia majini. Kipimo hicho nakipenda kwa unyenyekevu wake. Hakuna medali hapo, na mita 25 zinatosha kufika ukingoni kwenye mito yetu mingi.

Lakini bwawa la samaki lina samadi. Mkulima huyarutubisha maji ili mimea midogo iote na samaki wale. Mtoto hafai kumeza uchafu huo. Konokono wa maji yaliyosimama nao wanaweza kubeba kichocho. Kwa hiyo pendekezo langu linahusu majira ya bwawa. Baada ya mavuno bwawa hufunguliwa, hukaushwa juani, hutiwa chokaa, hujazwa na hurutubishwa upya. Kati ya kukauka na chokaa pana nafasi: mkulima na shule wakikubaliana, bwawa husafishwa magugu, hujazwa maji safi hadi kiunoni mwa mtoto, wiki ya masomo inapita, maji yanafunguliwa, na kazi ya samaki inaendelea. Mkulima atadai apewe kitu kwa muda aliopoteza, na ana haki.

Siku nyingine zote bwawa hilo hilo ni hatari, hasa lililotandikwa karatasi ya plastiki. Ukingo wake huteleza, na mtoto aliyeporomoka hana pa kushika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Umri huo hauokolewi na masomo ya kuogelea. Unaokolewa na uzio, mlango unaofungwa, na mtu mzima mwenye kazi moja tu ya kuwatazama. Tena kamba yenye mafundo, iliyofungwa kwenye mti na kuachwa iteremke majini, haigharimu kitu.

Mto nauacha mwisho kwa makusudi. Agosti ya mwaka shufwa, mtahiriwa wa Kibukusu hushushwa mtoni alfajiri kupakwa tope kabla ya kukabili kisu, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba sisi ni wageni wa mito. Kusimama mtoni, hata hivyo, ni ujuzi tofauti na kuelea humo. Msukumo wa maji huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikirudufika, msukumo unakuwa mara nne. Maji ya magotini yakikimbia humwangusha mwanamume mzima. Rangi ya mto nayo haikuonyeshi palipochimbwa mchanga juma lililopita. Tena mvua inaweza kumwagika Elgon wakati Chwele kuna jua kali. Maji yakibadilika rangi ghafla, vijiti na majani vikianza kupita, au sauti ya mto ikinenepa, toka kwanza, nguo utazichukua baadaye.

Ukichukuliwa, kile ulichofunzwa na mtungi ndicho cha kutumia: chali, miguu ikitangulia kuelekea mto unakokwenda, vidole juu ya maji ili mguu usinaswe kati ya mawe. Usijaribu kusimama mahali penye kasi, wala usipigane na mkondo kurudi ulikotoka. Elekeza kichwa chako kwenye ukingo ulio karibu, upige teke kwa mshazari, ukubali kutua mita nyingi chini ya pale ulipoingilia.

Kwa walio ukingoni, tatizo la kwanza ni kutambua. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu mdomo unafanya kazi ya kutafuta hewa. Mikono hubonyeza maji pembeni, kichwa kimelala nyuma, na yote huweza kuisha ndani ya dakika moja. La pili ni kutojitosa, maana aliyeshikwa na hofu atamkwea yeyote anayemfikia, na familia huishia kuzika wawili. Lala kifudifudi ukingoni, mnyoshee mti au leso. Akiwa mbali, chukua mtungi, tia ndani kikombe kimoja au viwili vya maji ili upepo usiupotoshe, funga kamba ya ng'ombe kwenye mpini wa mtungi, uurushe upite kichwa cha anayezama kisha uuvute umfikie. Akitolewa hapumui, anza na kumpulizia pumzi mdomoni kabla ya kukandamiza kifua, kwani kilichomwangusha ni ukosefu wa hewa. Kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo kunapoteza sekunde, na kunaweza kurudisha matapishi mapafuni.

Imebaki mitihani. Uholanzi, nchi ya mifereji, mtoto anayetafuta cheti cha kwanza cha kuogelea hutahiniwa akiwa amevaa nguo na viatu, kwa sababu ndivyo watu wanavyotumbukia. Chwele ningeweka sare ya shule: kaptura au sketi, viatu vyeusi na sweta. Mwanafunzi aingie majini hivyo, ageuke chali, avue viatu akiwa anaelea, ahesabiwe sekunde 30, kisha aende mita 25. Sweta aiache mwilini. Nguo iliyolowa haimvuti mtu chini akiwa ndani ya maji. Uzito wake hujulikana anapopanda ukingo, na kuivua kichwani huku unaelea ni kujifunga macho na mikono kwa wakati mmoja.