Barua za Mwanafunzi: Vincent van Gogh na Elimu ya Kuchora

Kijana mmoja katika darasa langu la insha aliniletea daftari la michoro yake. Chini ya kila mchoro alikuwa ameandika maneno machache ya kujipima: hapa mkono umenikatalia, hapa nimepata kivuli, nimepoteza uso. Akataka kujua kama maneno hayo yana haki ya kuitwa fasihi. Sikumjibu siku ile. Jibu nimelitafuta katika barua ambazo Vincent van Gogh, Mholanzi, alimpelekea mdogo wake Theo, na ambazo mjane wa Theo, Johanna, alizipiga chapa mwaka 1914. Barua hizo zimesifiwa sana kwa habari za maradhi na maafa ya mwandishi. Kama kazi ya mwanafunzi zimesomwa kidogo mno.

Mwaka 1880 Van Gogh alikuwa na umri wa miaka 27. Alikwisha kushindwa katika biashara ya picha, katika ualimu, na katika kuhubiri Injili miongoni mwa wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Huko Cuesmes alianza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipata mazoezi ya Charles Bargue ya kuchora kwa mkaa, akanakili kurasa zote 60, kisha akazirudia. Barua za miezi hiyo ni kavu; zataja karatasi alizomaliza na alizobakiza, mithili ya kibarua ahesabuye matuta aliyolima. Kipaji hakitajwi. Walakini katika Septemba 1881, akiwa Etten kwa wazazi wake, sauti yabadilika. Amwarifu Theo kwamba uchoraji wake umegeuka, na kwamba mbele ya maumbile hasimami tena kama mtu asiyejiweza. Kati ya ukavu wa kwanza na furaha hii ya pili mna kurasa nyingi zinazochosha, wala sioni haya kusema kwamba ndizo nizipendazo.

Msomaji, hata hivyo, na atahadhari. Theo ndiye aliyemlisha kaka yake na kumnunulia karatasi. Basi hizi ni barua za mwanafunzi kwa ndugu alipaye karo, na nani miongoni mwetu hajui namna barua hizo ziandikwavyo? Masomo yaendelea vema, mwalimu ameridhika, ila fedha zimekwisha. Aghalabu habari ya maendeleo ya Van Gogh yakaa jirani na habari ya mfuko wake. Kama ingekuwa hivyo tu, tungezifunga. Lakini mwanafunzi huyu hutangaza pia yale yanayomdhuru. Mwaka 1882, mjini The Hague, mchoraji Anton Mauve, jamaa yake na mfadhili wake, alimtaka achore kwa kufuata sanamu za plasta. Van Gogh akazivunja, akazitupa penye makaa. Kisa hicho twakijua kwa kuwa yeye mwenyewe alimwandikia Theo. Mwombaji mwerevu angekificha.

Mwaka huo huo alichora picha aliyoiita kwa Kiingereza *Sorrow*, yaani huzuni: mwanamke mjamzito, yu uchi, ameinama na kuficha uso. Alimwambia Theo kwamba hajapata kuchora umbo bora kuliko hilo. Hapa siafikiani naye. Mgongo wa mwanamke yule wasema kweli. Lakini chini yake mchoraji ameandika jina la picha, tena akaongeza maneno ya Michelet kwa Kifaransa. Mkono ungalikuwa umekwisha kusema yote, kalamu isingalikwenda kuazima ulimi wa mwingine. Miaka mitatu baadaye, katika picha ya walaji viazi ya mwaka 1885, maneno ya kuazima hayapo. Mikono ya wakulima ni minene na haifuati kipimo, na rafiki yake Van Rappard aliilaumu vikali. Mwezi Julai akamwandikia Theo kwamba hatamani usahihi wa chuoni. Atamani makosa yaliyo ya kweli kuliko ukweli wenyewe. Aliyekwisha kurudia kurasa 60 ana ruhusa ya kunena hivyo.

Ama suala la kunakili, kwetu lina uzito wake. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, na pale wachoraji walionywa kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Onyo hilo lilihitajika. Vijana wengi walikuwa wakitengeneza picha za kuwauzia watalii, kila moja pacha wa mwenzake. Lakini Van Gogh alinakili tangu mwanzo hata mwisho. Mwaka 1889 alizigeuza picha za Millet kuwa za rangi, akajilinganisha na mpiga muziki afasiriye kazi ya mtunzi. Mwaka 1890, miezi michache kabla ya kufa, alimwomba Theo amletee tena mazoezi yale yale ya Bargue.

Nilipolifungua tena daftari la kijana wangu, niliona kwamba michoro aliyonakili kutoka vitabuni haina neno hata moja chini yake. Yamkini aliionea haya. Nimemrudishia, nikamtaka aanze kuandika hapo.